Kazi ya usiku ya mtengenezaji wa programu, na sanduku letu la kufuli tatu



Katika koperative nyingi leo iko kijana mmoja mwenye anajua mambo ya telefone. Siku ya kupima mavuno, mama anafika na gunia lake la kahawa, balanse inaonyesha kilo, na kijana anaandika ndani ya telefone: jina, kilo, feza ya kulipa. Zamani ilikuwa kaye tu. Sasa iko programu. Na mara nyingine programu hiyo haikununuliwa popote. Kijana mwenyewe aliitengeneza usiku, kisha kazi yake ya mchana, ao ndugu yake mwenye anatumika na ordinatere mjini aliitengeneza siku ya Mungu, kusudi amsaidie mama yake.

Wazee wanaangalia, halafu wanauliza: «Hii ni kazi ao ni muchezo? Na siku huyu mutoto akienda, sisi tutabaki na nini?»

Maulizo haya si ya kuchekesha. Kilo za watu ziko ndani ya ile telefone, na kilo njo feza ya masomo ya watoto na ya dawa. Ju ya kuyajibu, tutaeleza habari ya mtu mmoja wa inchi ya mbali, mwenye kazi yake ya kando inatumika leo ndani ya telefone za watu wengi wanaosoma gazeti hili. Kisha tutarudi kwetu.

KASHAMBA NYUMA YA NYUMBA

Telefone na ordinatere hazina akili yao zenyewe. Zinafuata amri, moja kisha nyingine. Programu ni orodha ya amri hizo, na mtu anayeziandika tunamwita mtengenezaji wa programu. Mchana anaandika zile ambazo tajiri wake anataka: za banki, za ofisi, za hospitali. Anakaa kwenye kiti tangu asubuhi, macho kwenye kioo, mpaka mgongo unauma. Ungefikiri kwamba jioni hataki hata kusikia neno ordinatere. Lakini wengi wao wanafika nyumbani, wanakula, na wanaanza tena kuandika. Sasa wanaandika ile wanayotaka wao wenyewe.

Mkulima atafahamu jambo hili kuliko mtu wa ofisi. Ni sawa na mtu anayelima shamba la mwingine mchana, na jioni anaingia katika kashamba kake nyuma ya nyumba. Jembe ni lile lile, mgongo ni ule ule. Lakini pale anajaribu mbegu mpya, na hakuna mtu wa kumuuliza kwa nini. Mbegu ikikataa kuota, hasara ni ndogo. Ikiota vizuri, majirani watakuja kuomba.

KIJANA WA HELSINKI

Linus Torvalds alizaliwa Helsinki, muji mkubwa wa Finland, mwaka 1969. Mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Alinunua ordinatere yake, na sehemu ya bei alikuwa analipa polepole. Ordinatere za chuo zilikuwa na programu moja kubwa yenye nguvu iliyoitwa Unix, lakini bei yake haikuwa ya mwanafunzi. Basi akaanza kujitengenezea ya kwake, nyumbani, ju ya kujifunza namna mashini yake inavyofanya kazi.

Tarehe 25 mwezi wa 8, 1991, aliwaandikia watu wengine waliopenda mambo hayo. Aliwaambia kwamba anatengeneza programu ya bure, kwamba ni ya kujifurahisha tu, na kwamba haitakuwa kitu kikubwa. Aliomba wamwambie wao wangependa iwe na nini.

Programu hiyo iliitwa Linux. Si programu ya kuandika barua ao ya kuchezea. Ni ile inayokaa chini ya programu zingine zote na kuzigawia kazi: wewe tumia nafasi hii, wewe ngoja kidogo, wewe sasa unaweza kuandika. Ni sawa na yule mzee wa salongo anayegawa majembe na kuonyesha kila mtu mustari wake. Asipokuwepo, watu mia moja wanaweza kukanyagana ndani ya shamba moja.

Yeye alisema haitakuwa kitu kikubwa. Kumbe leo telefone zote za Android zinatumia Linux. Tangu mwaka 2017, ordinatere 500 zenye nguvu zaidi duniani, zile zinazotumiwa kuhesabia mambo ya hali ya hewa na ya sayansi, zote zinatumia Linux. Kama telefone yako ni ya Android, kazi ya usiku ya yule mwanafunzi iko mfukoni mwako sasa hivi.

MBEGU YA KUGAWA

Namna gani kitu cha mtu mmoja kikafika mbali hivyo? Torvalds hakukifungia ndani. Mwaka 1992 aliweka Linux chini ya sheria inayoitwa GPL, iliyoandikwa na Mmarekani Richard Stallman. Kwa maneno machache, sheria hiyo inasema: unaweza kuitumia programu hii, unaweza kuifungua uone ndani, unaweza kuitengeneza iwe bora zaidi, unaweza kuigawa, na hata kuiuza. Lakini ukiigawa, uigawe na ruhusa zile zile ulizopewa wewe, na usifiche namna ulivyoitengeneza.

Wakulima wanajua desturi hii. Jirani anakupa kikombe cha maharagi ya mbegu, na hakuombi feza. Anangoja tu kwamba, ukivuna, na wewe usimnyime mwingine. Ndivyo mbegu nzuri inavyotembea kutoka kilima mpaka kilima.

Basi watu wa inchi nyingi wakaanza kuleta masahihisho yao. Wengine walikuwa na kazi ya mshahara mchana na walitumika usiku kama yeye. Wakachanga hata feza ya kumsaidia amalize deni la ile ordinatere. Lakini tusikose kufahamu: kufungua mlango si kusema kila mtu afanye anavyotaka. Kila sahihisho lilipimwa kabla ya kuingia, na mengine yalikataliwa. Hata salongo iko na mtu wa kusema: «Hapa mustari umepinda, rudia.»

Mwaka 1997 Torvalds alihamia Marekani, akatumika katika kampuni ya Transmeta huko California. Mshahara wake haukuwa wa Linux, lakini kampuni ilimkubalia kuendelea nayo. Tangu mwaka 2003 njo Linux yenyewe imekuwa kazi yake ya mshahara. Kashamba ka nyuma ya nyumba kamekuwa shamba. Jambo hili ni zuri, lakini linaleta ulizo lingine: mtu ambaye muchezo wake umekuwa kazi, atapumzikia wapi?

KAYE ISIYOPASULIWA

Mwaka 2005, watengenezaji wa Linux walinyimwa chombo walichokuwa wanatumia bure kwa kuweka pamoja masahihisho ya watu wote. Mwezi wa 4 Torvalds alikaa chini akaandika chombo kipya, na siku chache tu zikatosha kuanza kukitumia. Aliita Git.

Git ni sawa na kaye ya koperative yenye kutunzwa vizuri. Kila badiliko linaandikwa: nani amebadilisha, siku gani, ju ya nini. Ukurasa haupasuliwi. Ukikosea, hufuti kwa siri. Unaandika sahihisho chini yake, na kosa linabaki likionekana. Tena, kila mtu anayetumika anabaki na kaye nzima kwake. Nyumba moja ikiungua, kaye haijapotea.

Lakini linalotufundisha zaidi ni lile alilofanya kisha. Mwezi wa 7 wa mwaka ule ule, hata miezi minne haijaisha, alimkabidhi mwingine chombo hicho: Junio Hamano, Mjapani aliyekuwa ameonyesha kwamba anakifahamu vizuri. Hamano njo amekitunza tangu wakati ule, na leo watengenezaji wa programu wa dunia nzima wanakitumia. Mwenye kukianzisha hakukufa, hakufukuzwa, hakugombana na mtu. Aliona tu kwamba mwingine anaweza kukitunza, akamwachia.

CHINI YA MAJI

Torvalds anapenda kushuka chini ya maji ya bahari, chupa ya hewa ikiwa mgongoni. Watu wa muchezo huo wanavaa kwenye mkono kamashini kadogo kanakoandika kila mara wanaposhuka: mita ngapi, dakika ngapi, maji yana baridi gani. Mambo haya si ya kujisifia tu. Mtu akitoka chini haraka sana, damu yake inaweza kuingia taabu na akafa. Ni lazima ahesabu.

Mwaka 2011 kazi ya Linux ilisimama kidogo, kwa sababu wezi walikuwa wameingia katika ordinatere ambamo ilikuwa inatunzwa. Wakati wa kungoja, Torvalds aliandika programu ya kusoma na kutunza hesabu hizo za chini ya maji, kwani hakuridhika na zile zilizokuwepo. Aliita Subsurface. Mwaka 2012 aliiacha mikononi mwa rafiki yake Dirk Hohndel, ambaye wanashuka majini pamoja. Kwa mara nyingine, alianzisha, akafungua mlango, akakabidhi.

Hata hivyo si mtu bila kosa. Kwa miaka mingi alikuwa mkali sana kwa watu walioleta kazi mbaya. Aliwaandikia maneno ya kuwachoma mbele ya wote. Mwezi wa 9, 2018, aliomba radhi wazi wazi, akasema anahitaji kujifunza kufahamu watu, na akaacha kazi kwa wiki kadhaa. Linux haikusimama. Mwenzake Greg Kroah-Hartman alishika nafasi, akatoa programu mpya ya wakati ule mwezi wa 10, na Torvalds akarudi. Koperative ngapi zinaweza kusema kwamba prezida wao anaweza kupumzika wiki nne, na kahawa ikapimwa na watu wakalipwa?

PAHALI MTU MMOJA ANACHOKA

Habari si nzuri siku zote. Mwaka 2024 dunia ya ordinatere ilikaribia kuingia hatari kubwa kwa sababu ya programu ndogo inayoitwa xz. Kazi yake ni kupunguza ukubwa wa mafaili kusudi yachukue nafasi kidogo. Ni kitu kidogo, lakini programu nyingi kubwa zilikuwa zinakitegemea. Na kwa miaka mingi kilitunzwa na mtu mmoja tu, nje ya kazi yake, bila malipo. Alikuwa amechoka, na alisema hivyo.

Tangu mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta msaada. Kazi yake ilikuwa nzuri, alikuwa mpole. Majina mengine yakatokea yakimsukuma mwenye programu: wewe unachelewa, tafuta mtu wa kukusaidia. Mwisho huyo msaidizi akapewa funguo. Kisha zaidi ya miaka miwili ya kujenga uaminifu, alificha ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia ordinatere za watu.

Namna gani ulionekana? Andres Freund, mtengenezaji mwingine wa programu, alitambua kwamba kuingia katika ordinatere yake kunachukua karibu nusu sekunde zaidi. Hakudharau. Alichimba mpaka akapata chanzo, na tarehe 29 mwezi wa 3, 2024, aliwajulisha wote. Ordinatere nyingi zilikuwa bado hazijaweka ile programu yenye sumu.

Tuangalie vizuri shida ilitoka wapi. Haikutoka kwa kufungua mlango, kwani Freund aliweza kuona ndani kwa sababu programu ilikuwa wazi. Shida ilitoka kwa kuacha muzigo wa wengi juu ya bega moja lililochoka, mpaka mgeni wa kwanza anayesema «nikusaidie» akapewa funguo.

SASA TURUDI KWETU

Wengi wetu tuko katika AVEC. Tunajua sanduku la akiba: liko na kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Si kwa sababu tunaona watu wa komite ni wezi. Ni kwa sababu mtu anaweza kugonjwa, kusafiri, kufa, ao kujaribiwa. Kufuli tatu zinamlinda mwenyewe mwenye funguo vile vile, kwani hakuna atakayemsingizia peke yake.

Basi, kama programu ya koperative inajulikana na kijana mmoja tu, na neno la siri liko katika kichwa chake tu, hilo ni sanduku la kufuli moja. Tuchukue mfano: wiki moja mbele ya malipo, telefone inaanguka mtoni. Kijana si mwizi, hata machozi anatoa. Lakini mama aliyeleta kilo 140 ataonyesha nini? Na yule aliyeleta 40, akisema alileta 60, tutamjibu nini?

Hatusemi tuache programu. Programu nzuri inahesabu upesi, haisahau, na inaonyesha kosa la kujumlisha ambalo jicho halikuona. Tunasema iwe na kufuli zake. Hivi njo namna:

1. Kaye ibaki. Kila kupima kuandikwe mara mbili, ndani ya kaye na ndani ya telefone, na mwenye gunia apewe karatasi yake yenye kilo na sahihi. Jioni hesabu mbili zilinganishwe. Zisipolingana, tafuteni sababu siku ile ile, hata kama tofauti ni kilo moja. Yule aliyeona nusu sekunde alianzia padogo hivyo.

2. Watu watatu wajue kuitumia programu, na mmoja awe mama. Kijana afundishe wenzake mpaka waweze kupima na kuandika siku ambayo yeye hayuko. Neno la siri liandikwe, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, na bahasha ikae ndani ya sanduku la kufuli tatu.

3. Kila wiki hesabu zinakiliwe pahali pengine: telefone nyingine ao kle ya USB, katika nyumba nyingine.

4. Mapatano yaandikwe mbele ya kuanza, si siku ya ugomvi. Programu ni ya nani? Aliyeitengeneza usiku, na telefone yake, iko na haki ya kuitwa mwenyewe. Lakini majina na kilo ni vya memba, si vyake. Akienda, ataacha nini? Koperative jirani ikiiomba, itapewa? Kama anakubali iwe mbegu ya kugawa, iandikwe hivyo.

5. Kijana asiachwe kuchoka peke yake. Anakesha usiku, anatumia yuniti zake, analipa mwenyewe kushaji telefone, na asubuhi watu wanamgombeza ju ya kosa dogo. Koperative ilipe yuniti na kushaji. Wakati wa mavuno apewe siku ya kupumzika, na siku hiyo mwingine ashike kazi. Anapenda mupira ao kwaya? Aende. Mtu anayepumzika anakosea kidogo.

6. Mgeni anayeleta msaada apokelewe, lakini funguo zingojee. Aanze kwa kazi ndogo, mbele ya macho ya wote, na komite ipime kabla ya kukubali.

Wale wazee waliouliza kama ni kazi ao ni muchezo, tuwajibu hivi: inaweza kuanza kama muchezo, hakuna haya. Linux ilianza hivyo. Na kama mutoto akienda? Siku ya kupima, kabla hajaenda, komite imwombe akae chini ya muti kwa asubuhi moja, mikono mitupu, huku wengine watatu wanapima, wanaandika na kufunga hesabu bila kumuuliza. Kama wameweza, programu ni ya koperative. Kama wameshindwa, afazali tujue leo kuliko siku ya malipo.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

– Kwetu, nani anajua hesabu za kilo? Akigonjwa kesho asubuhi, nani atapima?

– Karatasi gani mama anabaki nayo mkononi kisha kupimiwa?

– Kijana wetu wa telefone anatumia saa ngapi kwa juma ju ya koperative, na sisi tumemfanyia nini?

– Iko kazi gani nyingine katika koperative yetu iliyo na kufuli moja tu?